Nilikwenda kukandwa miguu Guangzhou, nikatangaziwa habari za kizazi changu

Jamani, naandika donge likiwa bado kooni. Mnaokwenda Guangzhou, Uchina, kufunga mzigo mnaijua hali: kutwa nzima uko soko la nguo la Baima, ghorofa kwa ghorofa, ikifika jioni miguu imevimba hata kandambili zinabana. Shoga yangu wa Mombasa akanivuta kwenye duka la kukanda miguu maeneo ya Xiaobei.

Mwanzo raha tupu. Ndoo ya mbao, maji ya moto yenye rangi ya chai, tangawizi inanukia. Kijana akaanza na mguu wa kushoto. Akakunja kidole, akakandamiza kwenye kibonde cha mbele ya unyayo, pale wanapopaita Yongquan, yaani chemchemi inayobubujika. Kwa tiba yao ya Kichina, hiyo ndiyo nukta ya kwanza ya njia ya figo, yaani mkondo wa nguvu ya mwili. Nikapiga kelele, halafu mguu wote ukalegea.

Ndipo akaja mama mwenye duka. Salamu hakuna. Akaminya kisigino changu upande wa ndani, akaongea na simu, simu ikatafsiri kwa Kiingereza duka zima likasikia: kizazi chako kina tatizo, una watoto wangapi? Na viti vya jirani wamekaa wanaume wawili wa kwetu! Mimi mimba mbili zimeshatoka. Nikanyamaza kama nimemwagiwa maji. Yeye keshafungua boksi la dawa ya unga, yuan 680.

Hivi kisigino kilichosimama kutwa nzima kisiume? Mama anadai elimu hiyo ya kusoma ugonjwa kwenye unyayo ni ya miaka elfu tano. Yongquan ni ya kale kweli, sikatai, lakini zile ramani za unyayo zenye viungo vyote vya mwili zimetoka Marekani karne iliyopita, na aliyezieneza ni mama wa Kimarekani, Eunice Ingham, miaka ya 1930. Na kilichonichoma zaidi: watoto aliniuliza, sukari hakuniuliza. Maji yale mwenye kisukari, miguu imekufa ganzi, angeungua asijue.

Msiende. Wallahi msiende.

Ila yule kijana nisimdhulumu. Mama akinibana na boksi lake, yeye aliinamisha kichwa akaendelea na kazi. Akanikausha kidole kimoja kimoja, taulo mpaka katikati ya vidole, akanivalisha soksi taratibu kama unavyomvalisha mtoto mgonjwa. Usiku ule nililala fofofo, na kesho yake nikapanda ngazi bila kushika ukuta. Mikono yake ilinifaa, lazima niseme. Pengine tatizo si kukandwa, ni ile biashara ya kukutafutia ugonjwa. Ukienda, basi sema mlangoni kabla hujatia mguu kwenye ndoo: miguu tu, maradhi msinitajie.

Dawa sikununua. Nililipa ya miguu, nikaenda kulia kwenye lifti, shoga yangu kanishika mkono.

Pale sirudi. Labda nimkute yule kijana duka jingine.