Kabla hujabadilisha saizi ya tairi: ipi haitavuruga spidomita yako?

Spidomita haioni barabara. Inahesabu mizunguko tu, halafu inapiga hesabu kwa mzingo wa tairi lililotoka na gari kiwandani. Ukifunga tairi refu zaidi, kila mzunguko unakufikisha mbali kuliko spidomita inavyojua, na mshale unabaki nyuma ya mwendo wako. Tairi fupi hufanya kinyume.

Kwa hiyo dukani usiishie kuuliza upana na ringi. Piga hesabu ya kimo. Chukua 195/65 R15: upana ni milimita 195, ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani 126.75. Zidisha mara mbili, maana kuna ubavu wa juu na wa chini, kisha jumlisha ringi ya inchi 15, ambayo ni milimita 381. Unapata 634.5. Kama gari lako lilikuja na saizi hiyo, mimi ningezipanga hivi:

1. 195/65 R15 yenyewe. Hapa sina la kuongeza.

2. 205/55 R16. Ringi imekua, ubavu umepungua, kimo ni 631.9. Tofauti haifiki hata nusu asilimia. Gari litashika kona vizuri, ila mashimo utayasikia kiunoni. 225/45 R17 nayo inarudi palepale, 634.3, lakini ubavu wake ni mwembamba zaidi na ringi inapinda kirahisi.

3. 205/65 R15. Kimo 647.5, umezidi asilimia 2. Ukisoma 100, unakwenda 102. Naivumilia kwa sababu Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kuonyesha pungufu ya mwendo halisi, hivyo viwanda vingi huitega isome juu kidogo. Hiyo 2 inamezwa humo. Na hata tairi lako la sasa si lile la siku ya kwanza: likitoka kashata (ule mpira wenye mifereji unaogusa barabara) ya milimita 8 hadi 1.6, limeshapoteza karibu milimita 13 za kimo, nayo ni asilimia 2 hiyohiyo.

4. 195/60 R15. Kimo 615. Mshale ukisema 100, uko 97. Faini hutapata, lakini odomita inakimbia: ikiandika kilometa 10,000, umetembea kama 9,700. Ukipima ulaji wa mafuta, gari litaonekana linakula kidogo kuliko ukweli.

5. 205/70 R15. Kimo 668. Unasoma 100 huku unakwenda 105, na breki zina kazi zaidi. Fundi atakuambia yanaingia. Kuingia yataingia, kata usukani hadi mwisho, pakia watu nyuma, usikilize kama hayasugui madigadi.

Saizi yoyote utakayochagua, namba ya uzito ubavuni isishuke chini ya ile ya mwanzo (91 ni kilo 615 kwa kila tairi). Ukishafunga, tafuta barabara iliyonyooka, shikilia 80, na abiria asome GPS ya simu.