Kindle Paperwhite au kitabu cha karatasi? Inategemea unasoma nini

Kwa riwaya, Kindle, kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu, inashinda. Paperwhite ya 2021 ina skrini ya inchi 6.8 na uzito wa gramu 205, kwa hiyo hata ukisoma umelala chali mkono hauchoki. Maandishi yake ni chembe nyeusi na nyeupe zinazosogezwa na umeme. Zikishatulia hazili chaji tena mpaka ufungue ukurasa mwingine, na kinachobaki kula ni taa na Wi-Fi. Juani inasomeka vizuri kuliko simu. Ukiona vivuli vya herufi za ukurasa uliopita, washa kwenye mipangilio chaguo la kusafisha skrini kila unapofungua ukurasa.

Kwa mashairi, nunua karatasi. Chukua tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, yenye mizani 16 kwa mshororo: ukwapi (nusu ya kwanza) 8 na utao (nusu ya pili) 8. Kwenye diwani iliyochapwa vina vya kati vimejipanga wima, jicho linaviona kabla hujasoma. Kwenye Kindle, ukikuza herufi kidogo tu, nusu ya utao inamwagikia mstari wa chini; mishororo minne inaonekana saba au minane na ubeti umeharibika. Kuilaza skrini na kupunguza herufi kunasaidia, ingawa hapo unapata ubeti mmoja au miwili kwa wakati.

Nathari ya Kiswahili nayo ina kero yake. Maneno yetu ni marefu, na mistari ikinyooshwa pande zote mbili, neno kama "wanavyoyashughulikia" linashuka chini na kuacha mapengo juu. Faili likiwa limeandikishwa kama la Kiingereza ni balaa zaidi, maana maneno hukatwa mahali ambapo silabi haijaisha. Rekebisha lugha ya faili kwa programu ya Calibre, kisha chagua mpangilio wa kushoto.

Vitabu vingi vya Kiswahili bado havipatikani kwenye duka la Amazon, kwa hiyo utatuma mafaili yako mwenyewe. EPUB, aina ya faili la vitabu vya kielektroniki, inakubalika tangu 2022: kwa barua pepe mwisho ni MB 50, kwa tovuti yao MB 200. Faili lisipofika, angalia kwanza kama anwani unayotumia kutuma umeiidhinisha kwenye akaunti. Hapo ndipo wengi hukwama.

PDF za chuo sizipendekezi kabisa. Ukurasa wa A4 una upana wa sentimita 21, skrini ni kama 10.4, hivyo herufi za pointi 12 zinashuka hadi 6. Zikiwa za skana huwezi hata kubadili fonti. Chapisha, au soma kwenye kompyuta. Kamusi na vitabu vya kiada pia viache kwenye karatasi, kwa sababu unarukaruka kurasa, na kidole kwenye kitabu kina kasi kuliko skrini hii.

Karatasi ina maadui wake: unyevu wa pwani, mchwa, na gundi ya mgongo inayokauka mpaka kurasa zinachomoka. Lakini ukiikalia haifi. Ndani ya Kindle kuna kioo chembamba chini ya zile chembe za maandishi. Begi likibanwa kwenye daladala kinapasuka huku sehemu ya juu ikibaki nzima, na nusu ya skrini inaganda na mistari. Nunua kava gumu siku hiyo hiyo, na iweke Kindle kwenye begi upande wa mgongo wako, mbali na chaja na funguo.