Mwaka mmoja na Escudo porini: nilichonunua, kilichonisaidia na kilichobaki stoo

Mi sio fundi wala dereva wa utalii, ni mtu wa ofisini tu hapa Arusha niliyechoka kuangalia milima kwa mbali. Mwaka jana nikavuta Suzuki Escudo, ile ya zamani kidogo yenye liva ya fowili pembeni ya gia, imeandikwa 2H (tairi mbili tu zinasukuma), 4H (zote nne), N (fri) na 4L (zote nne, mwendo mdogo nguvu nyingi), spea tairi inaning'inia mlango wa nyuma. Gari haijamaliza hata wiki kwangu nishaanza kununua vifaa vya porini. Hapo ndo nilipoanza kupigwa, na wala sio na wauza duka, nilijipiga mwenyewe kwa tamaa. Bei nitakazotaja ni nilizolipa mimi, wewe unaweza kukuta juu au chini.

Cha kwanza kabisa nilinunua Tanganyika jeki. Mnaijua, ile ndefu inayofungwa nje ya Land Cruiser za safari, ukiiona tu unajua huyu mtu kazi anaijua. Laki tatu na nusu. Nikaifunga juu kwenye keria, nikaosha gari, nikapiga picha. Kumbe ile jeki inataka mahali pa kushika, bampa la chuma au ngao, na Escudo yangu bampa ni plastiki mbele na nyuma! Yani hakuna pa kuiweka. Ukilazimisha unang'oa bampa, gari linabaki palepale. Afu ni jeki yenye hasira, gari likiwa juu mpini ukikuponyoka unarudi kwa nguvu ya kuvunja taya, na chini kama ni mchanga inazama yenyewe usipoiwekea kipande cha ubao. Kwa gari kama langu jeki ya chupa ya elfu sitini na kibao cha mninga chini yake inafanya kazi yote. Hili nililijua baadae sana.

Cha pili taa ndefu ya LED ya juu, laki moja na ishirini. Nimeiwasha mara mbili, zote nikiwa nyumbani.

Sasa Februari tukapanga kwenda Ziwa Natron, mimi, mdogo wangu na jamaa yangu mmoja. Njia ni lami mpaka Mto wa Mbu, pale unakata kulia kuelekea Engaruka halafu Ngare Sero, na ukishaacha lami ni rasta (yale mawimbi ya barabara ya vumbi yanayotetemesha gari), mawe ya volkano, vumbi laini kama unga na makorongo ya mchanga, huku Ol Doinyo Lengai imekaa pale mbele inakuangalia. Pazuri hakuna mfano. Tulipita Engaruka salama kabisa, mi nikawa nishaanza kujisifu, nikaingia korongo moja pana lenye mchanga mweupe, niko kwenye 2H (ndio, 2H, mnicheke tu), katikati gari likapunguza mwendo lenyewe kama mtu kalishika shati kwa nyuma. Nikakanyaga mafuta. Tairi zikachimba. Nikatia 4H, nikakanyaga tena, zikachimba zote nne sasa. Mpaka nazima, gari limelalia tumbo, tairi zinaelea kwenye mashimo yake.

Koleo hatukuwa nalo. Jeki ya laki tatu na nusu ipo juu ya keria, koleo la elfu kumi na tano hakuna! Tukafukua kwa mikono na sahani za plastiki za kulia chakula, jua la saa saba, mdogo wangu hasemi kitu ila sura yake nilikuwa naisoma. Morani wawili wakaja wakasimama kivulini wakatuangalia kwanza, afu mmoja akaja kusaidia bila hata kuombwa.

Baada ya kama saa moja ikatokea Land Cruiser ya wageni. Dereva akashuka taratibu, mtu mzima, akasalimia vizuri, akazunguka gari langu mara moja. Akaniuliza, "Kaka, tairi hizi zina upepo kiasi gani?" Nikamwambia psi 32 (ndo kipimo cha upepo wa tairi), nimejaza asubuhi. Akacheka kidogo, "Hiyo si ya lami?" Akachuchumaa, akaanza kutoa upepo kwa kijiti, kila tairi, akawa anapima na geji yake mpaka zikafika 18. Akatuambia tuondoe mchanga mbele ya tairi zote na chini ya tumbo, sio nyuma tu kama tulivyokuwa tunafanya. Kisha akaniambia weka 4L, gia ya pili, achia klachi polepole, ukiona tairi inazunguka bure acha mafuta hapohapo. Gari likatoka lenyewe jamani. Hakulivuta. Kamba yake hakuitoa hata kwenye boksi.

Alinielewesha kitu ambacho mpaka leo ndo kimenilipa kuliko vyote: tairi ukilipunguza upepo linalala, linakuwa refu pale linapogusa chini, uzito wa gari unasambaa badala ya kuchoma sehemu moja, kwahiyo linatembea juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Kwenye rasta na mawe mi nashuka kwenye 25 hivi, gari linatulia na meno hayagongani. Mchanga 18. Chini ya 15 siendi kwasababu ukikata kona tairi linaweza kuvuka rimu. Na ukishapunguza, unatembea polepole, mwendo wa lami na tairi laini linachemka linapasuka.

Kutoa upepo ni bure, kazi ipo kwenye kuurudisha. Nilikuwa na kompresa ya elfu arobaini na tano ya kuchomeka kwenye soketi ya sigara, imekaa kama toi. Tairi la kwanza ilikula zaidi ya dakika kumi, la pili ikaanza kunuka, la tatu kimya. Nikajua imekufa, kumbe fyuzi ya soketi ndo imekatika. Soketi ile fyuzi yake huwa ni ya ampea 15 hivi, na kwenye volti 12 hiyo ni wati 180 tu, sasa kompresa ya kujaza haraka tairi la gari la aina hii inakula zaidi ya hapo. Tukaenda Ngare Sero kwa mwendo wa kilomita ishirini na kitu kwa saa, tairi mbili zina 30 na mbili zina 18, mpaka tukampata fundi wa bodaboda mwenye pampu ya mguu. Kijana alipampu mpaka shati likalowa, nikampa elfu kumi na soda na bado nilijiona nimemdhulumu.

Niliporudi mjini nikanunua ile kubwa yenye silinda mbili, inashika moja kwa moja kwenye betri kwa vibanio, laki mbili na ishirini. Hii nampa kumi kwa kumi. Tairi moja kutoka 18 mpaka 32 ni dakika tatu mpaka nne, injini ikiwa inanguruma ili betri lisiishe, na kila baada ya tairi mbili naipumzisha kidogo. Pamoja nayo nunua geji ya kupimia ya peke yake, elfu kumi na tano, kwasababu geji iliyokuja na kompresa yangu inadanganya kwa psi tatu au nne. Na koleo, sihitaji kueleza tena, lenye mpini mfupi linaloingia chini ya gari.

Tairi zenyewe sasa. Escudo ilikuja na tairi za lami, zinang'aa, zina kashata (yale meno ya tairi) nzuri tu, nikasema zitatosha. Agosti tukarudi njia ileile, jiwe likachana tairi ubavuni. Pale ubavuni zile kamba za kuzibia pancha hazisaidii, zile ni za pale tairi linapokanyaga tu. Basi toa spea. Kwanza nati hazifunguki! Fundi wa mwisho alizifunga na mashine ya upepo na wili spana iliyokuja na gari ni fupi kama kijiko. Jamaa yangu akapanda juu ya spana akawa anaruka, ndo zikaachia. Afu spea yenyewe, mi siku zote nilikuwa naiona tu pale nyuma imefunikwa na kava zuri, kufungua ina upepo 14 na ukiangalia namba ya ubavuni imeandikwa 2311. Zile tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, yani wiki ya 23 mwaka 2011. Ngumu kama kisigino cha mkulima. Ilitufikisha ila sikulala vizuri.

Kwahiyo kabla hujaondoka nyumbani, nakuomba sana, badilisha tairi moja hapohapo uani kwako kwa vifaa vilivyomo ndani ya gari tu. Utajua kama spana inafika, kama jeki inanyanyua, kama spea ina upepo. Mi sasa nina bomba la chuma la mita moja la kuchomeka kwenye spana, fundi wa kuchomelea wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha kanikatia kwa elfu tano, na tairi nimeweka zile za A/T (za lami na porini) zenye ubavu mnene, laki tatu na themanini kila moja. Ziliuma. Zinapiga kelele kwenye lami na mafuta yameongezeka kidogo, ila tangu nimeweka sijapata hata pancha moja ya ubavuni.

Kamba nayo ina stori. Nilikuwa na ile ya bei rahisi yenye ndoano za chuma huku na huku. Siku moja tunamvuta jamaa kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule ukinyesha unageuka gundi, ndoano ikafunguka ikaruka ikapiga mlango wangu wa nyuma, ikaacha shimo la kuingia kidole. Angekuwa mtu pale tungekuwa tunaongea mengine. Sasa natumia kamba ya nailoni inayovutika, ile laini, inajinyoosha kama mpira na kulitoa gari kwa kulivuta taratibu badala ya kulishtua, laki tatu, na viungo viwili vya chuma vyenye pini ambavyo vimepigwa chapa ya tani 4.75. Ambacho hakina chapa ya uzito usinunue. Kamba unaichagua iwe na nguvu ya kukatika mara mbili mpaka tatu ya uzito wa gari lako, na unaifunga kwenye ndoano iliyoshikwa na chasisi. Kwenye ile boli ya chuma ya kufungia tela usifunge kamba hata mara moja, ikikatika inaruka kama risasi na imeshaua watu huko duniani. Kabla ya kuvuta natupia koti zito au gunia lenye mchanga katikati ya kamba ili ikikatika ianguke chini, na watu wote wanakaa mbali, hata wale watoto wanaokuja kushangaa, unawaomba kwa heshima warudi nyuma na unasubiri mpaka warudi kweli.

Vile vibao vya plastiki vya kuwekea chini ya tairi nilinunua pea moja isiyo na jina kwa laki mbili na themanini. Hapa nipo katikati. Vinafanya kazi ukivitumia polepole, mi mara ya kwanza nilikanyaga mafuta kwa kiherehere, tairi likazunguka juu ya vile vimeno likaviyeyusha. Kwa mtu anayeanza hela hiyo aongezee kwenye tairi, vibao vitakuja baadae.

Mafuta nabeba dumu la chuma la lita 20, najaza tanki Mto wa Mbu na sitegemei kituo tena mpaka nirudi palepale. Mwanzo nilitumia dumu la njano la mafuta ya kula, jua likalivimbisha likawa kama tumbo la mbuzi na gari zima linanuka petroli, tulisafiri vioo wazi na vumbi lote likawa letu. Maji lita 20 kwa watu watatu nje ya ya kunywa njiani. Ramani nimepakua kwenye simu kabisa kabla ya kutoka maana mtandao unakuja na kuondoka. Ea klina (chujio la hewa ya injini) naifungua kila jioni naipigapiga, vumbi linalotoka pale unaweza kulimia mchicha.

Na ile liva, dakika moja tu. Kwa Escudo ya aina hii, 4H ni ya vumbi, matope, mchanga, na unaiweka kabla ya kuingia korongo, sio ukishanasa. 4L unasimama kwanza ndo unaweka. Ukirudi kwenye lami rudisha 2H, maana mbele na nyuma zimefungana na kwenye lami kavu hakuna pa kutelezea, ukikata kona unasikia gari linajikaza lenyewe, hapo unakula giaboksi.

Safari ya mwisho tulienda magari mawili. Tulinasa mara moja, nikapunguza upepo, koleo dakika kumi, tukatoka, chai ikawa bado ya moto kwenye thermos. Mdogo wangu safari hii aliongea njia nzima.

Tanganyika jeki ipo, haina hata mkwaruzo. Nauza laki mbili na nusu, maongezi yapo, ila uje na gari lenye bampa la chuma.