Dabi ya Kariakoo: Mkapa au kibanda umiza?

Mimi ni Yanga wa kuzaliwa, nimeitazama dabi yetu na Simba kote kuwili: uwanjani na kibanda umiza, yale mabanda ya kuonyesha mpira kwenye TV. Uwanja wa Mkapa unabeba watu 60,000, na siku ya watani wa jadi ukikata tiketi ya mzunguko, zile za bei ya chini, unaingia jua la mchana likiwaka, unakaa masaa mazima ukila karanga kusubiri mpira uanze. Bao likifungwa goli la mbali, unauliza jirani nani kafunga. Marudio? Labda kesho.

Kibanda umiza unaona kila kitu, hata jasho la kipa. Ila utamu wake hasa ni kukaa benchi moja na mashabiki wa Simba. Novemba 5, 2023, mapumziko ilikuwa 1-1 na wao ndio waliokuwa wanaongea. Kipindi cha pili Maxi Nzengeli wetu akaanza kazi yake, ikaisha 5-1 kwetu, na mashabiki wa Mnyama wakatoka mmoja mmoja wakisingizia joto. (Zile 5-0 walizotufunga 2012 wasinikumbushe.)

Kwa mechi nyingine zote, nipeni kibanda. Dabi naenda Mkapa, hata kama sitaona vizuri.