Uzoefu wangu: stika za matofali, halafu chokaa ya mfuko, kwenye chumba cha wanangu wawili Mtwara

Desemba ya mwaka juzi nilinunua stika 17 za povu, zile nyeupe za kubandika zenye sura ya matofali, kwa ajili ya chumba cha wanangu. Kufika mwisho wa Machi zilikuwa zimeanguka zote isipokuwa nne. Juni tukapaka chokaa, mimi na wao wenyewe, na chokaa hiyo imeshapita msimu mzima wa mvua. Naandika kwa sababu kabla ya kununua nilitafuta mtu wa pwani ya kusini aeleze stika hizi zinavyokaa kwenye nyumba zetu, nikamkosa. Waliozisifia walikuwa watu wa Dodoma na Arusha, na huko bahari haipo.

Tunakaa Shangani. Ukitoka nyuma ya nyumba unasikia mawimbi. Somoe ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Zuhura ana 9. Chumba chao ni mita 3.2 kwa 3, vitanda viwili vya futi tatu vimeelekeza vichwa ukuta mmoja, na ukuta huo ndio unaotazama baharini. Ulikuwa umepakwa rangi ya maji ya kijani, na kuanzia sakafuni hadi usawa wa magoti rangi ilikuwa inababuka na kutoa unga mweupe. Kila asubuhi Zuhura anafagia unga chini ya kitanda chake. Kisha walikuwa hawapatani. Somoe anasoma usiku, anataka taa. Zuhura taa ikiwaka halali, ikizimwa ghafla anaogopa. Kila mmoja akawa anataka chumba chake, na chumba kingine hakipo. Nikasema angalau tukipendezeshe hiki.

Kipande kimoja cha stika kina sentimita 70 kwa 77. Ukuta ni mita 3.2 kwa 2.7, nikapiga hesabu nikapata 16, nikaongeza kimoja cha kukatakata pembeni. Shilingi 4,500 kila kimoja, jumla 76,500. Kwa fundi cherehani kama mimi hizo ni nguo nyingi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi, hilo nalisema kwa haki: unachora mstari, unabandua karatasi ya nyuma, unabandika kuanzia chini, kwenye swichi unakata kwa wembe. Tulimaliza ndani ya saa tatu. Chumba kiling'aa. Wanangu walilala mchana wakiutazama ukuta, na siku hiyo nilifurahi sana.

Mvua zilipokolea, hewa ikawa nzito, shuka hazikauki, pembe za chini zikaanza kuinuka. Nikasukuma kwa kiganja, zikarudi. Kesho yake zimeinuka tena. Nikanunua gundi ya viatu, nikapaka. Ndani ya wiki mbili kipande kizima kikaanguka usiku kichwani kwa Somoe, na nyuma yake wakatoka mende.

Nilipokigeuza ndipo nikaelewa. Gundi haikuwa na kosa. Ilikuwa imeshika rangi ya kijani barabara, hata nilipojaribu kuzitenganisha nilishindwa. Rangi ndiyo iliyoachana na lipu. Kati yao kulikuwa na chumvi, imejaa kama ukoko wa ubwabwa. Nyumba nyingi za mtaani kwetu zilipigwa lipu kwa mchanga wa ufukweni, kwa sababu uko karibu na ni wa bure. Chumvi ya mchanga ule inavuta maji ya hewani, na maji mengine yanapanda kutoka kwenye msingi. Maji yakikauka, chumvi inabaki juu ya lipu, inaganda, inasukuma chochote kilichoifunika. Ukiiziba kwa povu au kwa rangi nzito, unyevu unakosa pa kutokea na unahamia nyuma ya ulichobandika.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya stika ni hii. Ukuta mkavu wa ndani, usiogusana na nje, ziweke bila wasiwasi. Zile nne zilizosalia kwangu nilizihamishia ukuta wa kati, nyuma ya meza ya Somoe, hazijatikisika. Ukuta wa nje ulio karibu na bahari, usitoe hela yako. Na popote utakapoziweka, ziwe mbali na mshumaa na dawa ya mbu ya kuwasha, maana povu lile linashika moto upesi. Hili dukani sikuambiwa, na lingekuwa jambo la kwanza kuambiwa mama anayenunulia chumba cha watoto.

Wazo la chokaa lilitoka Mikindani kwa mama yangu. Ni kama kilomita kumi tu kutoka mjini, na siku ya Idi tulikwenda. Nyumba yake ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe, iko karibu na maji kuliko yangu, na kuta zake za chokaa hazibabuki. Nimezaliwa humo, sikuwahi kujiuliza kwa nini. Boma la Wajerumani pale juu lilijengwa 1895 na mpaka leo ni jeupe. Nikamweleza mama habari za stika. Akaupapasa ukuta wake akasema, "Ukuta unapumua, mwanangu. Wewe umeuvisha nailoni."

Fundi niliyemtaka alikuwa shambani anapuliza salfa kwenye mikorosho, kama nusu ya wanaume wa hapa ikifika Juni. Akaja siku moja tu, akagonga ukuta kwa nyundo akisikiliza, akabomoa lipu iliyokufa ya chini na kuipiga upya kwa mchanga wa mto. Yaliyobaki tukafanya wenyewe, shule zimefungwa na kusi inavuma, ukuta unakauka vizuri.

Kazi ngumu kuliko zote ni kukwangua rangi ya zamani. Chokaa haishiki juu ya rangi ya maji, inataka ikutane na lipu yenyewe. Tulikwangua siku tatu, na mikono yangu ilivimba. Anayekuambia chokaa ni kazi ya siku moja basi ukuta wake haukuwa na rangi. Chumvi tuliisugua kwa brashi kavu tukaifagia na kuitupa nje. Usiioshe kwa maji, utairudisha ndani.

Mfuko wa kilo 25 niliununua 12,000 na ulibaki zaidi ya nusu. Hii ya mfuko imeshanyweshwa maji kiwandani, haichemki kama ile inayotoka kwenye tanuri. Hata hivyo inaunguza macho na ngozi. Mimi na Somoe tulivaa glavu, na miwani nikaazima kwa jirani anayechomelea. Zuhura nilimkataza kusogelea ndoo, akanuna. Unamimina chokaa kwenye maji, unakoroga, unaiacha ilale usiku kucha, asubuhi unaichuja kwa kitambaa. Inatakiwa iwe nyepesi kama maziwa. Ukiifanya nzito kama uji itapasuka.

Ukuta unaulowesha kwanza, halafu unapaka. Hapa wengi wanakata tamaa, na mimi nilikaribia: ikiwa mbichi haionekani kitu, ni kama umepaka maji. Nenda kapike. Ukirudi ukuta umeanza kuwa mweupe, na weupe wake si wa rangi ya dukani, una kina, kama nyama ya nazi. Tulipaka mara nne, mara moja kwa siku. Chokaa inavuta hewa chafu ileile tunayoitoa puani na kurudi kuwa jiwe polepole, ndiyo maana haifai kuharakishwa.

Sasa pambo. Nilitaka kila mtoto awe na chake na bado chumba kiwe kimoja, na mimi maisha yangu yote nakata kanga. Doti moja ni kanga mbili zinazofanana, unazigawa unampa mwenzio moja. Basi nikasema tuchore doti ukutani, kila kitanda na kanga yake: pindo lilelile, mji uleule, yaani sehemu ya katikati, lakini jina, yale maneno yanayoandikwa kwenye kanga, kila mtu achague lake.

Kanga ya kuvaa ina kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo. Nilizipunguza ziwe sentimita 140 kwa 100 ili ukuta ubaki na nafasi. Mistari tuliipiga kwa chaki ya cherehani na uzi uliofungiwa mkasi badala ya timazi. Katikati ya mji tukaweka korosho, lile umbo lililojipinda ambalo kanga zimelibeba tangu zamani, na kwa watoto wa Mtwara sikuona pambo linalostahili zaidi. Pateni, zile zenye matundu ya kupitishia rangi, nilizikata kwenye filamu za eksirei za zamani; ni ngumu, hazilowani, unazifuta na kuendelea.

Rangi zilitoka kwenye oksaidi, ule unga wanaotia kwenye sakafu za saruji. Ni udongo wa chuma, chokaa haiuli. Rangi nyingine za unga zinapauka zikikutana nayo. Ukitaka kuipa chokaa yenyewe rangi, unga usizidi moja ya kumi ya uzito wake. Lakini kwa pindo nilitaka wekundu wa kweli, na ndani ya chokaa nyekundu inageuka pinki. Mama akanifundisha maziwa: yaache yagande, engua mafuta yote, tia kijiko kimoja cha chokaa. Yanakuwa gundi. Hapo ndipo unaweka unga wako mwingi. Tulidonoa kwa kipande cha godoro kuukuu, kikiwa kikavu kidogo, la sivyo rangi inapenya chini ya pateni. Harufu ya maziwa ilikaa siku mbili ikaondoka.

Nyekundu ilitoka vizuri mno. Nyeusi ilitoka kama majivu, nikarudia mara mbili haikukolea. Mama alipokuja kuona akashika kinywa: nyeupe, nyekundu, nyeusi. "Kisutu! Mnawaoza watoto?" Kisutu ni kanga ya bibi harusi. Sikuwa nimekusudia, ni rangi tulizokuwa nazo, lakini aliketi kwenye kitanda cha Zuhura akautazama ukuta muda mrefu, na hakusema tuubadilishe.

Majina yalichukua jioni nzima. Somoe alichagua la kanga inayojulikana, JAPO SIPATI TAMAA SIKATI, kwa ajili ya mtihani wake. Zuhura alikataa yote niliyomtajia. Akaandika lake mwenyewe kwenye daftari akaniletea: UKIZIMA TAA NIAMBIE. Nilimwambia majina ya kanga hayako hivyo. Somoe ndiye aliyesema, "Mama, muache. Hilo ananiambia mimi." Akachukua pateni za herufi akamdonolea mdogo wake neno moja moja, Zuhura amesimama juu ya kitanda kashika filamu isicheze. Tangu hapo anamwambia kila usiku. Namsikia nikiwa ukumbini: "Zuhura, nazima."

Gharama yote: chokaa 12,000, oksaidi mbili 10,000, brashi 7,000, maziwa 3,000, na saruji na mchanga wa ile lipu 15,000. Ni 47,000 kwa kuta zote nne, bila ujira wa fundi wa siku ile, wakati stika ziliniondokea na 76,500 kwa ukuta mmoja.

Kasoro ni hizi. Chokaa inaacha unga ukiiegemea. Sare ya Somoe ilipata mgongo mweupe wiki ya kwanza, nikatundika mkeka wa ukindu nyuma ya kila kitanda, chini ya kanga. Haioshwi kwa sponji. Doa la mafuta unalipaka upya. Na haitibu msingi unaonyonya maji. Februari, chini ya dirisha, pametoka kiraka cha chumvi kama kiganja.

Kile kiraka nilikisugua kwa brashi kavu nikapaka chokaa niliyoiweka kwenye ndoo yenye mfuniko, maji yakiwa yamesimama juu yake isikauke. Ilikuwa nzima kama siku ya kwanza, na kazi haikumaliza hata robo saa. Herufi za Zuhura zilikuwa zimefifia upande wa dirisha. Safari hii alivaa glavu mwenyewe, akazirudia.