Mgahawa wa ufukweni: samaki safi, ngisi mpira, meza za mbele waachie wapiga picha

Migahawa mingi ya bichi wanajua umefuata bahari, kwa hiyo jikoni wanalala. Hapa jikoni hawajalala, waliolala ni wanaohudumia, nitafika huko.

Sehemu yenyewe iko juu ya mchanga kabisa, viti vya plastiki, hakuna kuta, unaingia na kandambili na hakuna anaekuangalia vibaya. Kabla ya kuoda niliomba kuona samaki, hii naifanya kila mahali na ukiona wanaanza kuzungukazunguka ujue kuna jambo. Hawa walileta sinia fasta. Macho yamejaa na yanang'aa, ukifunua mashavu ni mekundu ya damu, ukibonyeza na kidole nyama inarudi, harufu ni ya bahari tu sio ile shombo inayokupiga puani. Samaki aliyelala siku kadhaa macho yanazama yanaweka ukungu, mashavu yanakua ya kahawia, hapo hata wakukamulie ndimu ndoo nzima haisaidii. Wanauza kwa kilo, sasa hakikisha anapimwa mbele yako na bei unaambiwa hapohapo kabla hajaenda jikoni.

Walimchoma mzima kwenye mkaa, wamemkata chale ubavuni ili chumvi na kitunguu saumu viingie, ngozi kavu inalia ukiivunja na ndani bado ana maji yake. Aisee. Nilimaliza mpaka kichwa, ile nyama ya shavuni ndo tamu kuliko zote, wanaoacha kichwa kwenye sahani sijui huwa wanalipia nini.

Ngisi sasa, hapo wamefeli. Ngisi ana njia mbili tu, moto mkali dakika moja mbili umtoe, au umpike taratibu nusu saa na zaidi mpaka alainike, ukimtoa katikati anakua mpira na wao walimtoa katikati. Nimetafuna mpaka taya linauma. Namwambia weita ananijibu "pole bosi, ndo alivyo". Sio ndo alivyo kaka, ndo mlivyompika.

Bahari inaonekana kila meza, hilo wamepatia. Ila watu wanagombania meza za mbele na mimi naona sio dili kabisa. Jua likishapanda nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa yake inapanda juu na upepo unaingia kutoka baharini kujaza nafasi, ndo maana alasiri unakua mkali. Huko mbele unakula na mchanga, tishu zinaruka, chipsi zinapoa hata sosi hujamimina. Kaa mstari wa tatu hivi nyuma ya kile kiuzio cha miti, bahari unaiona vilevile na chakula kinabaki cha moto.

Kingine angalia maji kabla ya kutoka nyumbani. Sehemu nyingi yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, kila kesho yake muda unasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo saa aliyokwambia rafiki yako aliyeenda wiki iliyopita haikuhusu. Siku hiyo yalikua yamekupwa, ile mandhari ya kwenye picha zao ikawa matope, mwani na boti zimelala ubavu. Picha zote wamepiga maji yakiwa yamejaa, wajanja hawa! Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo tofauti inakua kubwa zaidi, yakijaa yanasogea karibu kabisa na meza na yakipwa yanakimbia mbali.

Huduma sasa. Samaki wa mkaa kuchelewa naelewa, wanamchoma ukishaoda, ila juisi kuja baada ya chakula hiyo imekaaje? Na juisi si inatoka kwenye friji tu jamani. Mawieta watatu wamesimama kaunta wanapiga stori, unapunga mkono kama unaaga meli. Bili nayo ikaja na saladi ambayo hatukuoda, nikaonyesha wakaitoa bila ubishi, ila isome mstari kwa mstari.

Choo kisafi, maji yapo, taa haiwaki, ukienda usiku beba simu.