Mimea ya ndani ya kununua: ZZ kwanza, fikasi mwisho

Kabla ya kuuliza bei, simama sebuleni saa sita mchana, taa zikiwa zimezimwa. Ukiweza kusoma gazeti bila taabu pale utakapoweka chungu, mimea mingi ya majani itakufaa. Usipoweza, bakia kwenye miwili ya kwanza hapa chini. Orodha hii nimeipanga kwa kuangalia utakaodumu katika nyumba ya mjini, watu wanaposhinda kazini, wavu wa mbu unapopunguza mwanga, na maji ya kisima yanapokuwa na chumvi.

1. ZZ (Zamioculcas zamiifolia). Ni mmea wa kwetu hasa: porini unaota Kenya na Tanzania, ukishuka hadi mashariki mwa Afrika Kusini. Vitalu vya Uholanzi vilianza kuuzalisha kwa biashara miaka ya 1990, na leo uko kwenye maofisi dunia nzima. Ardhini una mashina manene yanayotunza maji, kwa hiyo wiki mbili tatu bila kumwagiliwa si kitu kwake. Kinachouua ni kumwagiliwa kila siku: mashina yale huoza, na majani yakigeuka njano kwa wingi huwa kumeshaharibika chini. Hukua polepole, ndiyo maana mkubwa ni ghali. Nunua mdogo wenye machipukizi mapya. Una maisha marefu mbele yake.

2. Sansevieria, ule wa majani marefu magumu yaliyosimama wima. Asili yake ni Afrika Magharibi. Huvumilia giza kiasi, jua na kusahauliwa. Kwa bei yake, hakuna unaoushinda.

3. Potosi. Huu unaotambaa, omba kwa jirani kabla ya kununua. Kipande chenye fundo moja (pale jani linapotokea kwenye shina) kikikaa kwenye glasi ya maji hutoa mizizi baada ya wiki chache.

4. Monstera. Unapendeza kweli, lakini unataka dirisha kubwa, nafasi na mti wa kuegemea. Muuzaji akikupa mche wenye majani yasiyo na matundu, hajakudanganya. Matundu huja mmea ukikomaa na kupata mwanga wa kutosha.

5. Pisi lili. Ukiwa na kiu hulegea wote, ukimwagiliwa husimama tena. Maji ya chumvi huunguza ncha za majani, hivyo ununue kama unaweza kukinga maji ya mvua.

6. Fikasi ya majani mapana. Ndiyo inayopigwa picha sana na ndiyo nisiyomshauri mtu aanze nayo. Ukiihamisha hupukutisha majani, na bila mwanga mwingi haipati nafuu.

Wanne kati ya hawa (ZZ, potosi, monstera na pisi lili) ni wa ukoo wa magimbi, na wana fuwele zilezile zinazowasha mdomo gimbi likiwa bichi. Kama kuna mtoto anayetambaa au paka, weka juu.

Usiongeze hata shilingi kwa kuambiwa mmea "unasafisha hewa". Utafiti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa 1989 unaotajwa sana ulifanywa ndani ya visanduku vilivyozibwa. Sebuleni, kufungua dirisha kunafanya kazi kubwa zaidi.

Ukifika kitaluni, geuza majani. Weupe kama pamba kwenye makwapa ya majani ni vidung'ata, wadudu wadogo wanaofyonza mimea, na utaingia nao nyumbani. Vuta shina taratibu: likija lote mkononi, limechomekwa juzi tu na halijashika mizizi. Uliza mmea ulikuwa kivulini au juani, kwa sababu uliozoea jua kali utapoteza majani ndani. Omba udongo uliochanganywa na mchanga mnene au pumba za mpunga, si mfinyanzi mtupu. Chungu kisicho na tundu chini usikichukue, hata kikiwa kizuri namna gani, isipokuwa muuzaji akitoboe mbele yako.